Mshauri Ajibu: Mume Akomaye Themanini

*Bwana Mshauri, mume wangu ana kibanda cha kuchapisha karatasi hapa Shauri Moyo, upande wa Kamukunji. Tangu mwezi jana kipakatalishi chake hugoma kuchaji kikifika asilimia 80, naye hata hashtuki. Tokeni za stima twanunua kwa jasho letu. Hiyo 20 iliyobaki humpelekea nani?*
*— Mke Mwenye Shaka*

Bibi mpendwa, kabla hujaitisha kikao cha wazee, napenda ujue ya kwamba mumeo, katika jambo hili walau, hana hatia. Mengine siyajui wala sikuulizwa. Betri za lithiamu-ioni, ambazo kampuni ya Sony ilizitia sokoni mwaka 1991, na ambazo ziliwapatia mabingwa watatu Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, zina tabia iliyo kinyume cha tumbo la binadamu: shibe huzidhuru. Seli yake moja ikijazwa pomoni hufikia aghalabu volti 4.2, na ikishinda na kulala katika hali hiyo, kiowevu kilichomo ndani huharibika kidogo kidogo, hata uwezo wake wa kuhifadhi umeme ukapungua pasipo kurejea. Joto nalo huyaharakisha madhara hayo, na maadamu kibanda ni cha mabati na charja haichomolewi tangu asubuhi, mumeo amefanya la busara kuweka mpaka: wenye Lenovo huuweka katika programu ya Vantage, na wenye Dell au HP aghalabu huukuta katika BIOS, kabla mashine haijawaka sawasawa. Hiyo 20, bibi, haijaibwa, kwa kuwa haikuingia. Na umeme usioingia hauli tokeni.

Hata hivyo sikufichi kwamba shaka yako ina upande wenye haki. Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaonja giza, aliyekuwa na 80 hapana shaka alinyamaza kabla ya mwenye 100. Basi Kenya Power wakitangaza kukata umeme mtaani kwenu, mwambie aondoe mpaka usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha aurudishe. Wasipotangaza, mvumilieni Mola, na wateja nao wavumilie.

*Shikamoo Mshauri. Fundi aliniambia betri niimalize kabisa kila siku ndipo ikomae. Nimetii, sasa hainifikishi hata nusu saa.*
*— Mtiifu*

Marahaba, mwanangu. Fundi wako alinena kweli ya zama za betri za nikeli na kadimiamu, zama ambazo zimekwisha pita bila yeye kuarifiwa. Lithiamu haikomazwi kwa njaa, huzeeshwa nayo. Ikiwa mashine yako ni ya Windows, andika amri ya *powercfg /batteryreport*, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, ndipo ujue kama wahitaji betri mpya au wahitaji fundi mpya.

*Mshauri, pedi ya kugusa imeinuka yenyewe na haibonyezeki tena. Niweke mpaka wa asilimia ngapi?*
*— Msomaji*

Betri imevimba. Zima, chomoa charja, usiitoboe, peleka kwa fundi leo. Barua ungeniandikia baadaye.