Mhadhara Mtukufu juu ya Nasaba ya Mpingo

Enyi hadhira adhimu ya Nachingwea, nanyi wageni mliotoka Ruangwa mkiwa mmepakizana watatu watatu kwenye bodaboda: mimi, niliyejitunuku cheo cha Amiri wa Nasaba za Miti baada ya kuthibitika kwamba hapana mwingine aliyekiomba, nasimama mbele yenu si kwa kujisifu, maana sifa zangu hazimaliziki katika alasiri moja, bali kwa huruma iliyonishika nilipowakuta mkiishi na mpingo dahari zote hizi, mkiuchonga vinyago na kuufungia mbuzi, pasina hata mmoja wenu kuuliza mti huu ni mtoto wa nani.

Kwanza nafuta uzushi. Wauza vinyago wa mijini huwaambia watalii kwamba mpingo ni abunusi, na watalii hulipa kwa furaha, ilhali abunusi ya haki ni miti ya jenasi ya Diospyros, katika familia ya Ebenaceae, ambayo mpingo hauna udugu nayo hata wa kunyonya ziwa moja. Mpingo, mabibi na mabwana, ni jamii ya kunde. Msicheke! Ni wa familia ya Fabaceae, aila ile ile ya choroko, ya fiwi, na ya mbaazi mlizozipika jana kwa nazi, na ithibati ninayo mfukoni: ganda hili bapa, jembamba, kavu mfano wa karatasi, ambalo ukilielekeza juani waona mbegu moja au mbili zimelala ndani, wala halipasuki lenyewe kama la mbaazi, bali huanguka zima. Mti wenye miiba, mgumu hata shoka hulalama, na bado ni jamaa wa mbaazi.

Jina lake la kitaalamu, Dalbergia melanoxylon, lilitolewa mwaka 1832 na Guillemin na Perrottet, walioandika habari za mimea ya Senegambia. Hivyo mti mnaoupumzikia kivulini uliandikishwa upande wa pili wa bara, tena chini ya jenasi iliyoitwa hivyo kwa heshima ya Nils Dalberg, tabibu wa Uswidi, nchi ambako mpingo hauoti abadani. Ningalikuwapo, jenasi hiyo ingaliitwa kwa jina langu.

Naona fundi mmoja wa Ruangwa ameinua mkono. Sema, bwana. Anasema yeye huujua mpingo kwa kuugonga: akiupiga kwa kisogo cha shoka husikia kama moyo wake ni mzima au una tundu, na kipande alichokishika, chenye ukingo wa manjano iliyopauka na moyo mweusi wa kuelekea zambarau, akikitia ndooni kinazama. Maskini! Shukrani, fundi, keti. Ilimu haigongwi.

Sasa tuingie ndani ya nasaba yenyewe, na hapa naomba wenye moyo mwepesi wajishikize. Ndani ya familia ya Fabaceae kuna kabila liitwalo Dalbergieae, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 ulidhihirisha kwamba kabilani humo, pamoja na mpingo, wamo mninga wenu utoao utomvu mwekundu kama damu, na karanga. Naam, karanga hii hii ya kutafuna, ambayo imekaa tawi moja na mninga, karibu zaidi kuliko ilivyo na mpingo.

Tafakarini basi msiba ulioifikia ardhi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyobanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Ikaleta matingatinga, ikageuza hata vifaru vya kivita kuwa matrekta, ikajenga bandari Mtwara na reli ya kufika hapa, ikaanza kung'oa msitu wa miombo, ambamo mninga na mpingo ni wenyeji wa asili, ili kumpisha karanga, binamu yao kutoka Amerika ya Kusini! Waliwafukuza jamaa ili wamkaribishe jamaa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wako wanaolaumu mvua, udongo na mitambo mibovu, na wana haki. Lakini mimi nasema ni kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwasomea nasaba, udhuru wangu ukiwa kwamba nilikuwa sijazaliwa.

Na msidhani kwamba uainishaji ni mchezo wa wazee barazani. Tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umeiweka jenasi nzima ya Dalbergia chini ya vibali vya biashara, kwa sababu mbao zikishapasuliwa afisa wa forodha hutaabika kupambanua spishi hii na ile. Ndipo wapiga klarineti wa Ulaya, ambao ala zao hutengenezwa kwa mpingo, wakalia hadi mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa. Taabu yote hiyo ni ya kukosa jicho la kitaalamu, kama hili langu nililolitumia kununulia bakora hii ya mpingo safi, kwa bei ambayo haiwahusu.

Fundi, wataka nini tena? Usiigonge. Nimesema usiigonge! Wala usiisugue. Huo weusi uliokubaki kidoleni ni jasho lako mwenyewe, na hiyo harufu ya rangi ya viatu inatoka kwa yule bwana wa mstari wa nyuma. Maswali yamefungwa.