Seva ya Hisabati: Mwongozo kwa Mwalimu wa TEHAMA Asiyetaka Shida

Mwalimu mwenzangu, umeteuliwa. Mkuu wa shule amesikia kwamba shule ya jirani ina programu ya hisabati inayotumiwa na darasa zima kwa pamoja, naye anataka ya kwake kabla afisa elimu hajaja kukagua. Usihofu. Kazi hii ina njia ndefu, ambayo wanafunzi huishia kujua hisabati, na ina njia ya mkato, ambayo wewe huishia kupigwa picha. Tushike ya pili.

1. Anza na bajeti. SageMath, programu ya hisabati tutakayoiweka, ni ya bure; William Stein aliianzisha mwaka 2005 ili watu wapate mbadala wa Mathematica, Maple, Magma na Matlab, ambazo hulipiwa. Habari hii isifike kwenye bodi. Bodi haiheshimu kitu kisicho na bei. Weka mstari mmoja uandikwe "leseni". Sage hutolewa chini ya GPL, na GPL ni leseni, kwa hiyo hujasema uongo.

2. Tafuta mashine. Ile ya karani, iliyotupwa stoo alipoletewa mpya, inafaa. Waliotengeneza The Littlest JupyterHub, mfumo wa kuliwezesha darasa kutumia kompyuta moja, wametoa kanuni rahisi: chukua idadi ya watakaoingia kwa wakati mmoja, zidisha kwa kumbukumbu anayohitaji kila mmoja, ongeza megabaiti 128. Usiifanye hesabu hiyo. Ukiifanya utagundua kuwa gigabaiti 2 za karani haziwatoshi Kidato cha Tano PCM, na ukishajua itakubidi uandike barua.

3. Sasa weka programu. Jupyter, ambayo kupitia kwake darasa litaitumia Sage kwenye kivinjari, ina adabu za kizee: ukiiwasha ukiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mashine, inagoma na kukuonya. Usibishane nayo. Ongeza --allow-root, itanyamaza. Kuanzia hapo mwanafunzi yeyote anayejua amri mbili tatu anaweza kufuta diski nzima akiwa amekaa kwenye dawati lake. Wengine wataona hatari. Wewe ona kinga. Siku mambo yakiharibika, una darasa zima la washukiwa.

Kisha fungua akaunti moja tu. Ule mfumo niliokutajia humpa kila mtoto folda yake, na nywila atakayoandika siku ya kwanza ndiyo inabaki kuwa yake. Achana na mambo hayo. Mtoto akiikuta kazi yake ya jana kama alivyoiacha, atazoea, na akizoea ataanza kuuliza maswali. Nywila iwe shule123, iandike ubaoni kwa chaki. Mkondo A wakichora parabola asubuhi, mkondo B watahifadhi mchoro wao juu yake mchana, kwa jina lile lile la faili. Wakigombana, wewe ndiye mwamuzi, na mwamuzi huheshimiwa.

4. Anwani ya seva iachie ruta ijipangie. Umeme ukikatika na kurudi, iliyokuwa 192.168.1.10 inaweza kuamka ikiitwa 192.168.1.23, na darasa zima litabaki likitazama skrini nyeupe. Wewe tikisa kichwa, sema "mtandao", tembea taratibu. Neno hilo halijawahi kumwangusha mtu. Ukitaka usalama zaidi, iache seva isikilize 127.0.0.1 pekee: kwako itafanya kazi vizuri ajabu, kwa wengine haitaonekana kabisa.

5. Siku ya uzinduzi ndiyo siku yako, kwa hiyo jiandae. Vaa tai. Mgeni rasmi akishakata utepe, andika factor(2^67 - 1) na ubonyeze. Papo hapo yatatokea 193707721 na 761838257287. Hapo geuka umweleze kwamba mwanahisabati Mersenne aliitaja namba hiyo kuwa tasa mwaka 1644, na kwamba Frank Nelson Cole alipotafuta vigawo hivi viwili, akavitangaza mwaka 1903 mbele ya wanahisabati wa Marekani, inasimuliwa kuwa kazi ilimla Jumapili za miaka mitatu. Watapiga makofi. Makofi ni ya Cole, lakini yeye hayupo.

Tahadhari moja tu: mgeni asichague namba mwenyewe. Akikupa ya tarakimu 200 iliyozaliwa na namba tasa mbili kubwa, mashine ya karani itavuma mpaka keki iishe. Na usimruhusu mwanafunzi yeyote asogelee kibodi. Wao ndio huwa wanajua.

6. Nakala za akiba zihifadhi kwenye diski ile ile, folda ya pembeni. Kwenye ripoti utaandika "nakala zipo", na zipo.

7. Omba uhamisho mapema, picha zikiwa bado mpya. Kwenye makabidhiano andika "mradi unaendelea", na nywila ya root usimpe mtu. Ila ujue kwamba Linux humruhusu yeyote aliyesimama mbele ya mashine isiyofungwa kwa nywila nyingine kuiwasha upya na kubadili nywila ya root kwa dakika chache. Kwa hiyo, mwalimu, ukiondoka ondoka na ufunguo wa maabara.