Bingwa wa Ubaoni

Kijana wetu wa boda hapa mtaani Silanga anasomea leseni ya daraja la A3, lile la kubebea abiria. (Abiria wenyewe anawabeba tangu zamani, ni karatasi tu iliyochelewa.) Jioni huinamia ule ubao wa mji mdogo katika shule ya udereva, akisukuma kigari kwa kidole. Hapo ni malaika: anashika kushoto, anaheshimu raundabauti, anasimama pa kuvukia. Barabara za ubaoni, lakini, hazina tope, mbuzi wala mtaro wa majitaka. Asubuhi amepakia mishikaki, watu watatu vichwa wazi, helmeti yaning'inia kwenye usukani. Sheria yaruhusu abiria mmoja. Anaijua vyema, swali kuihusu alilijibu kabla mwalimu hajalimaliza.