Korongo Wawili wa Kano na Kamati ya Kongoti

Ukingoni mwa tambarare ya Kano, pale mto Nyando unapopotelea kwenye mafunjo kabla ya kufika ziwani, palikuwa na boma lenye kuku wengi, mti mkubwa wa ng'owo, na korongo taji wawili. Wajaluo huwaita owang' winyo. Walikuwa kaka na dada, wa kiota kimoja, na hawakuzaliwa pale.

Kijana wa boma alikuwa amekwenda kukata mafunjo ya kufumia mikeka. Akawaona vifaranga wawili wamejibanza chini, kimya, hawatikisiki. Akasema: maskini, mayatima hawa. Kumbe mama yao alikuwa hatua chache tu ndani ya mafunjo, na ni yeye aliyewaonya kwa mlio mmoja walale chini wasijitikise mpaka hatari ipite. Vifaranga walitii. Kwa utii huo wakabebwa kwenye kikapu hadi nyumbani, na aliyewabeba alikuwa na huruma ya kweli moyoni.

Mama wa boma akawapenda. Akawapa mtama, ugali na omena, akawalaza na kuku. Wakarefuka. Lakini korongo taji huanza kuruka akiwa na umri wa kati ya siku 56 na 100, na siku zile zilipotimia Kaka alikimbia uani, akapiga mabawa, akatua juu ya ghala. Boma zima lilipiga kelele. Jioni hiyo mkasi ulitoka ndani, akapunguzwa manyoya marefu ya bawa moja. Dada hakupata mkasi. Jirani mmoja aliyejiita fundi alisema manyoya huota tena, heri kumaliza kazi mara moja. Akachukua kisu, akamkata ncha ya bawa penye kiungo.

Miaka ikapita, wakaota taji la dhahabu, na watu wa Kisumu wakawa wanakuja Jumapili kuwapiga picha. Kwa ajili ya wageni hao mtama ulimwagwa kwa wingi, na kuku, bata, njiwa na kunguru wakanenepa kwa makombo ya korongo.

Kisha msimu mmoja wa mavuno ya mpunga kundi la korongo mwitu likatua mashambani, upande wa Ahero. Walikuwa wakikanyagakanyaga nyasi kwa vishindo ili panzi waruke, wawadake. Sauti zao zikafika bomani. Kaka akaanza kucheza: akainama, akaruka juu, akatandaza mabawa, akaita. Hakula siku ile wala ya pili.

Ndege wa boma wakaingiwa na hofu, na hofu ikaunda kamati.

Mwenyekiti akawa Kongoti, aliyehamia mashambani kutoka jaa la Kachok mjini. Kila mtu alimwita Jaduong', yaani mzee, kwa upara wake na kwa uwezo wake wa kusimama kutwa bila kusema neno. Jogoo akawa katibu. Kazi waliyopewa ilikuwa kupima kama korongo hawa wako tayari kuachiliwa. Kikao cha kwanza kiliamua jambo moja tu: wajumbe hawawezi kufikiri kwa njaa, kwa hiyo omena wa korongo waletwe chini ya ng'owo kila kikao.

Kikao cha pili alisimama Kuku. "Mimi ndiye niliyewalea," akasema. "Walilala ubavuni pangu. Wanajua milio yetu, hawajui ya wenzao. Huyu si korongo tena, ni mtoto wangu mwenye miguu mirefu."

Hoja hii ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ilikuwa ya hatari. Kifaranga humshika moyoni yule anayemwona mwanzoni mwa maisha. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyekuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alifuatwa kila mahali na vifaranga wa bata bukini waliomdhani mzazi wao. Ndege aliyelelewa kwa mkono anaweza kwenda kwa mtu wakati ilimpasa kukimbia. Hilo ni la kupimwa kwa makini, tena kwa muda mrefu, kabla lango halijafunguliwa. Ila Kuku hakulisema ili lipimwe. Alilisema ili mjadala ufungwe.

Yangeyange akafuata, naye ni ndege huru, aingiaye na kutoka. Akaeleza habari za nje: gugu maji linavyofunika Ghuba ya Winam, nyaya za umeme ambazo korongo hawazioni mapema, madimbwi yanayokaushwa yawe mashamba. Kongoti akafurahi sana. Akaagiza aletwe shahidi kutoka Bunyala, kule Busia, ajazilizie.

Shahidi alikuwa korongo mweusi, yule mla konokono ambaye midomo yake haikutani katikati. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala watu waliweka sumu ya kuulia wadudu ndani ya konokono, ndege wakala, wakafa kwa makundi, wakauzwa nyama.

"Mmesikia wenyewe," Kongoti akasema. "Huko nje ni kifo. Katibu, andika."

"Jaduong', sijamaliza," shahidi akasema. "Sisi hatukushuka pale kwa njaa tu. Palikuwa na mwenzetu amesimama majini, ametulia, anakula. Tulipomwona tukasema pana usalama. Alikuwa amefungwa kamba mguuni. Walimfuga ili atuite."

Jogoo akauliza kama hilo nalo ni la kuandikwa. Kongoti akasema halimo kwenye ajenda.

Vikao viliendelea. Ili isisemwe kwamba kamati inapendelea, mtihani ukafanyika. Kaka alipandishwa juu ya ghala akaambiwa aruke. Akaruka, akapinda upande, akaanguka kwenye matope. Ikaandikwa: hawezi. Dada akapandishwa. Hata kupiga mabawa hakukumsaidia, akadondoka kwa kifua. Ikaandikwa: korongo wa boma hili hawana asili ya kuruka. Msimu uliofuata mtihani ukarudiwa, majibu yakawa yale yale, na omena wakaliwa.

Ndipo masika moja Mbayuwayu akapumzika kwenye boriti ya ghala. Alikuwa akitoka upande wa Rwanda, akasikiliza kikao kizima bila kukaribishwa.

"Huko nitokako," akasema, "korongo walijaa kwenye bustani za hoteli na nyuma ya nyumba za matajiri, maana walionekana ni fahari. Daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, akaanza kazi ya kuwatoa mwaka 2014. Wenye nyumba walihimizwa kuwaandikisha, bila kutishwa kwa adhabu. Zaidi ya 200 wametolewa. Hawakutupwa porini, wazee wangu. Walikaguliwa ugonjwa kwanza. Wazima wakapelekwa Akagera, wakakaa mahali palipozungushiwa uzio penye nyasi na maji, wakajifunza kutafuta chakula huku manyoya yakiota, na mwenye kuweza akaondoka. Waliovunjwa mabawa wana makao yao Kigali, Umusambi Village, kwenye kinamasi kilichorudishiwa uhai."

"Rwanda wana milima," Kongoti akasema. "Sisi ni watu wa tambarare."

"Basi niulize la hapa hapa. Kamati hii imewahi kufunua mabawa?"

Wajumbe wakatazamana. Walikuwa wamepima utii, hamu, asili, shukrani, lakini bawa lenyewe hakuna aliyelifunua. Mbayuwayu akashuka. Kwa Kaka akaona manyoya yamekatika yote mstari mmoja ulionyooka, na chini yake vijiti vipya vya manyoya vinachomoza, bado vina damu. Kwa Dada hakuona manyoya ya kuota. Mfupa wa ncha haukuwepo.

"Huyu amekatwa nywele," akasema. "Huyu amekatwa mkono. Nanyi mmewaandikia cheti kimoja."

Dada, ambaye hakuwa amesema neno tangu kikao cha kwanza, akaomba nafasi.

"Kila manyoya ya ndugu yangu yalipokaribia kukamilika," akasema, "kuna aliyewika saa sita mchana. Mama akisikia jogoo akiwika saa isiyo yake hutoka kutazama kuna nini. Akitoka huona bawa. Akiona bawa hurudi ndani kuchukua mkasi. Katibu ataeleza mwenyewe."

Jogoo akatazama chini. Kuku akaanza kulia, na naamini machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa sababu mtu anaweza kumpenda mtoto na bado akaufurahia mtama unaokuja kwa ajili yake.

"Sina haja ya kumfukuza Jogoo," Dada akaendelea. "Ninaloomba ni hili: bawa langu lisitumike tena kama ushahidi dhidi yake. Nililokatwa nilikatwa mimi."

Mdiria akaongeza yake. Yeye huvua karibu na Dunga, na hutua kwenye uzio wa hifadhi ya Impala, pale Kisumu. Akasema Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka ndege wa porini bila kibali, na kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina watu wa kuyatazama mambo haya. Wajumbe hawakujua kwamba wanajadili jambo ambalo tayari lina mlango wake na wenye funguo.

Msimu ule Jogoo aliwika alfajiri tu. Manyoya yakaota. Kaka akaanza kurukia tawi la chini la ng'owo, akawa anaanguka. Korongo taji wana kidole kirefu cha nyuma kinachoweza kushika tawi, kitu ambacho korongo wengi wengine hawana, lakini cha Kaka kilikuwa kimezoea sakafu ya banda la kuku. Akarudia hadi kikashika. Dada akawa anamfukuzia panzi kwa vishindo, jinsi alivyoona wale wa mashambani wakifanya.

Hata hivyo Mama hakuwa kipofu. Asubuhi moja aliyaona manyoya yamefika mkiani, akatoka na mkasi. Dada akatembea akasimama kati yao, akalifungua lile bawa lake lisilo na ncha mbele ya uso wa Mama, akakaa nalo hivyo. Mama alikuwa amempa huyu mtama kwa miaka, akamwimbia, akamlinda na mbwa, na hakuwahi kulitazama kovu lile kwa karibu. Akakaa chini uani. Akamwita mwanawe, yule aliyewaleta kwenye kikapu, akamwambia: "Nyathina, piga simu kwa watu wa wanyamapori. Waambie waje wakague wote wawili."

Walikuja, wakawakagua. Wa kiume wakasema anaweza, lakini kwanza akae kwenye uzio penye kinamasi, mbali na mikono ya watu, mpaka akome kumkimbilia kila apitaye na sahani. Wa kike wakasema hapana. Walilisema waziwazi, na ninawaheshimu kwa hilo. Kumtupa Kano ndege asiyeweza kupaa ni kumpa mbwa na fisi chakula, halafu kujisifu kwamba umempa uhuru.

Usiku Kaka akasema haendi. "Nitakuachaje hapa peke yako?"

"Ukibaki kwa ajili yangu," Dada akamjibu, "nitakuwa nimekatwa mara mbili, na safari hii kisu kitakuwa changu. Nenda. Ukipata mwenzi, jengeni ndani kabisa ya mafunjo, na mkiwaonya watoto walale chini, msikae mbali."

Akaenda. Mavuno yaliyofuata palikuwa na korongo mmoja zaidi mashambani, naye hakulikaribia boma.

Baada ya wiki mbili Kongoti akarudi chini ya ng'owo na pendekezo. Kwa kuwa mambo yamebadilika, akasema, kamati iongezewe muda ili sasa ijadili mustakabali wa Dada, na wajumbe waandaliwe chakula kama kawaida.

"Jadilini uzio, Jaduong'," Dada akasema. "Upande wa mto kuna mwanya ambao mbwa wa jirani hupitia. Nataka dimbwi la maji ya kina kifupi, na mafunjo yapandwe kulizunguka. Nataka tawi la chini lisogezewe kigogo ili nipande kwa miguu, nilale juu, maana kidole ninacho. Na wale omena wa vikao vyote, nawadai. Anzeni kulipa leo."

Jogoo akachukua kijiti, akaandika.