Akiongea na Mshauri Mnasema Kapandwa!

Mtchwww! Msonyo kwanza, salamu baadaye.

Hebu niambieni, wenzangu wa Bagamoyo, kuanzia Dunda mpaka Magomeni, Kaole mpaka Zinga. Mtu mzima anampigia simu mganga asiyemjua sura wala kwao. Sauti inamwambia, "Nyota yako imefunikwa, tuma hela ya kuku mweusi, weka na ya kutolea." Anatuma. Hakuna anayecheka. Shemeji atamkopesha ikipungua, na jirani atampa namba ya mganga mwingine mkali zaidi. Lakini mtu huyohuyo aseme anazungumza kwa simu na mwanasaikolojia aliyekwenda shule, saa nzima, juu ya usingizi uliompaa na moyo unaomwenda mbio, basi kijiwe kizima kinashika kiuno. "Analipa hela? Kuongea? Si aje hapa aongee bure!"

Bure! Haya, tuizungumze hiyo bure.

Bure ya kijiweni tunaijua wote. Umeleta dukuduku lako hapa baada ya isha, kikombe cha kahawa mkononi, umeinamisha kichwa, watu wamekupa pole za nguvu. Alfajiri habari ipo soko la samaki. Saa nne wakaanga samaki wameshaitia chumvi. Adhuhuri konda wa daladala ya Bunju anaisimulia, na kaongeza mtoto wa nje ambaye hukuwa naye. Kijiwe chetu kutunza siri ni tenga kutunza maji. Kuna kijana hapa alisema tu kwamba ndoa yake inayokuja inamtia hofu, hajui kama ataimudu. Hofu ya kawaida, jamani, nani hakuwa nayo? Ijumaa wazee wa upande wa bibi harusi wakagonga hodi kudai maelezo. Mahari yenyewe ilikuwa haijamalizika! Yule kijana mpaka leo akitusalimu anatusalimu kwa mbali, tena huku anatembea.

Halafu tunashangaa watu kunyamaza na mambo yao. Na mambo yenyewe, lo, mji huu umeyabeba! Machi 2013 Rais Xi Jinping alipokuja nchini, mkataba wa kujenga bandari hapa kwetu ukatiwa saini. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale hayafai, ikasimama. 2021 Rais Samia akasema tunaifufua. Kila tangazo lina mtu aliyepanga maisha yake juu yake: huyu kauza shamba la minazi, yule kakopa kujenga vyumba vya wapangaji wa bandarini, mwingine kahama pwani aliyovua baba yake na babu yake. Mtu anaulizwa "vipi maisha?" anajibu "tunasukuma." Usiku dari analijua mbao kwa mbao. Ukimwambia hilo nalo ni ugonjwa wa kutibiwa, anakuangalia akaona wewe ndiye mgonjwa.

Sasa nije kwa Mwalimu. Jina silitaji, na mnaomjua nyamazeni.

Mwalimu kafundisha mpaka miaka yake 60 ilipotimia. Kastaafu na kikokotoo cha asilimia 33 kile kilichoanza Julai 2022, mkupuo aliokuwa akiupigia hesabu tangu ujana ukaja umekonda. Mkewe katangulia mbele ya haki. Binti yake yuko Muscat. Nyumba imebaki na yeye, redio na kuku. Ikaanza saa nane za usiku: moyo mbio, jasho, pumzi fupi, anaamka kukagua komeo la mlango, anarudi, anaamka tena kulikagua. Hospitali wakampima presha, wakapima na moyo. "Mzee wangu, moyo wako mzima." Badala ya kufurahi akazidi kuogopa, maana sasa alikuwa na maradhi yasiyo na jina.

Binti ndiye aliyemtafutia mshauri nasaha wa Dar es Salaam, wa kuongea kwa video. Vizuri. Sasa waongelee wapi? Nyumba zetu za Kiswahili mnazijua: vyumba sita, ukumbi katikati, na kuta hazifiki darini. Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha sita anasema "afya." Mwalimu ana wapangaji. Atasema vipi kwamba analia usiku? Akachukua simu, akachomeka vile vya masikioni, akatoka kwa mguu mpaka njia ya Kaole, akaketi chini ya mwembe karibu na magofu.

Bodaboda mmoja akapita. Akaona mzee wa watu, peke yake, anapunga mikono, anacheka, anafuta macho, anatikisa kichwa. Yallah! Magharibi haijaingia, mji unasema Mwalimu kapandwa. Isha haijaadhiniwa, jini ameshapatikana, tena jini mahaba, tena wa Kishirazi, mkazi wa magofu tangu msikiti wa Kaole unajengwa. Na kibaya zaidi mchango wa kumpunga ulianza kukusanywa usiku uleule, na ukajaa! Watu haohao waliosema saa moja ya mshauri ni ghali walitoa hela ya mbuzi, ya ubani, na ya wapiga ngoma. Kumuuliza "Mwalimu, unalala?" hakwenda mtu. Hilo lingekuwa bure kweli.

Ngoja nivute pumzi. Aaah.

Na msidhani kule kwenye simu mambo yalianza kwa ulaini. Mshauri mwenyewe binti mdogo, rika la kitindamimba wake. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." "Pole na majukumu. Sasa baba, usiku unakuwa unaogopa nini?" Mwalimu, aliyewachapa viboko nusu ya wanaume wa kijiwe hiki, akanyamaza mpaka bando likakata. Namwelewa kabisa. Mtu aliyekuamkia shikamoo, utamfunuaje kifua chako? Hilo ni tatizo la kweli la pwani yetu, na washauri wasilidharau. Alichofanya yule binti kilikuwa cha akili: safari iliyofuata hakuuliza hofu. Aliuliza shule. Mwalimu akaongea, akaongea, kengele, paredi, wanafunzi wa mwaka gani walifaulu, hadi yeye mwenyewe akafika pale: "Mwanangu, miaka yote hiyo nilikuwa nikipiga kengele watu mia nne wanasimama. Sasa hata kuku hawageuki." Ndipo akalia. Ndicho alichokiona yule bodaboda.

Hakupewa hirizi wala kombe. Alipewa kazi. Aandike kwenye daftari ni wazo gani hutangulia kabla moyo haujaanza mbio. Avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi. Komeo alikague mara moja, kisha alale nalo hivyohivyo, aone kama kuna mwizi. Asubuhi atoke nyumbani, iwe kwa sababu yoyote. Wajuaji wa benchi wakasikia wakasema, "Hiyo tu?" Ndiyo, hiyo tu! Wewe mwenye kujua umemwambia lini?

Tena wenzetu hata benchi wamelifanyia kazi, sisi tunalivunjia heshima. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliona tangu 2006 kwamba wataalamu wake hawawatoshi watu. Akawafundisha bibi wa mitaani. Bibi anaketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, anasikiliza, wanachagua tatizo moja, wanalitafutia hatua moja. Mwaka 2016 matokeo yakachapishwa: watu 573, zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi, kama 14 tu katika mia ndio waliobaki na dalili za sonona, na waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Benchi! Bibi! Vitu hivyo tunavyo tele. Mabenchi hayo yamefika Malawi, yamefika na Zanzibar hapo ng'ambo. Lakini bibi wale wamefundishwa kufunga mdomo, na hapo ndipo wa kwetu wangefeli mtihani asubuhi na mapema.

Wapo pia wanaokwepa kijiwe cha mbao wakaangukia cha mtandaoni. Mmeziona zile: "Admin naomba ushauri, ficha jina langu." Jina limefichwa, lakini dada kaeleza kwamba mume wake ni fundi mashua Mlingotini, ana wake wawili, mkubwa anauza maandazi karibu na shule, na juzi waligombana juu ya friji. Uuuwi! Mlingotini kuna mafundi mashua wangapi wenye friji? Majibu yanamiminika: "achana naye", "vumilia", "njoo inboksi." Halafu kuna makocha wa maisha wenye taa ya duara usoni, hawajasomea chochote, wanamtoa mtu hewani analia huku watazamaji wakitumiana vicheko.

Hata kampuni kubwa za nje zisikuzuzue. Mwaka 2023 BetterHelp ya Marekani, inayouza tiba ya maongezi mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya huko, FTC, kuishtaki kwamba iligawa taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kumbe nao wana kijiwe chao! Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023. Basi kabla hujafungua kifua, muulize mshauri: umesomea wapi, unarekodi, maandishi yangu unayaweka wapi? Akikasirika, kata simu.

Na simu ina mpaka wake. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayewaza kujitoa uhai, huyo msimwachie bando. Mshikeni mkono mwende hospitali leo. Najua kinachowatisha wengi: Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mtu anaogopa hata kulitamka. Mahakama Kuu ya Kenya ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Nasi tungelifikiria hilo upesi, maana anayeogopa polisi hawezi kumfikia daktari.

Mchango wa kumpunga Mwalimu, mhasibu wetu anasema bado upo. Pendekezo langu ununue bando la mwezi, na salio lilipe maongezi yake na ya yule kijana wa mahari. Mwalimu anaongea tena Alhamisi baada ya laasiri, chini ya mwembe uleule. Bodaboda mnaopita njia hiyo, msipige honi, wala msisimame.