Kiinua Mgongo cha Mjomba

Mjomba wangu alistaafu reli akiwa na vitu viwili: buti za kazini, na imani kwamba Mjerumani alimwachia urithi. Imani hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana na fedha zimewaadimikia, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zina picha ya tembo upande mmoja. Zilitoka zaidi ya 16,000, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Karakana ilikuwa ya reli, naye ni mtu wa reli. Kwa hesabu za Mjomba, kilichofukiwa ardhini ni kiinua mgongo kilichocheleweshwa tu.

Mashine ya kupimia madini aliiazima kwa wachimbaji wadogo wa Nzega. Ramani nikamtafutia mimi mtandaoni: ile ya Kijerumani iliyochapishwa Berlin, ikionyesha nyumba ya kupumzikia wasafiri kando ya njia ya misafara, ambako Mjomba aliamini mali ilifukiwa. Ramani zile zilitokana kwa sehemu kubwa na safari za maofisa waliotembea na dira mkononi huku wakitazama saa, kwa hiyo umbali mwingine ulitegemea miguu iliamkaje siku hiyo. Kipimo chake ni 1:300,000. Milimita moja ya karatasi ni mita 300 za vichaka, na ile alama ya nyumba peke yake ingefunika kitongoji kizima.

Majina nayo hayakusaidia. Vijiji vingi viliandikwa kwa jina la jumbe. Jumbe akifa au akihama, jina linaondoka naye. Waliobaki wakahamishwa na Operesheni Vijiji miaka ya 1970.

Kijana wa steshenari tuliyempa ramani aichape akamaliza kazi. Aliibana ramani ikaenea kwenye karatasi ndogo, na ule mstari wa kipimo wa chini ukakatwa. Mjomba akaweka rula hivyohivyo. Kwa rula yake, Wajerumani walikuwa wakilala katikati ya mbuga inayojaa maji kila masika. Ikabidi tupime upya kwa kutumia vilima viwili vinavyoonekana kwenye ramani na kwenye simu, maana vilima havikuhamishwa na operesheni yoyote.

Kijijini tulianzia ofisini. Kwenye kitabu cha wageni, safu ya "Madhumuni ya safari," Mjomba akaandika "Kutembea," huku mashine ikiwa begani. Mtendaji akaisoma, akaitazama mashine, akatukumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kuchimbua mabaki ya kale bila leseni. "Mashine ipite," akasema, "jembe lisiguse." Akatupa na mgambo wa kulilinda jembe ambalo hatukuwa nalo.

Habari zilitutangulia shambani. Mzee mmoja alikuwa tayari ameshauri kuku mweusi, kwa kuwa mali ya Mjerumani huhama ikisikia wageni. Mjomba akawasha mashine, akapiga hatua, ikalia. Akapiga ya pili, ikalia tena. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akarudi nyuma: shamba zima dhahabu! Vijana wakaanza kuweka alama za vijiti kila alipokanyaga, wawili wakiwa wameshagombania mpaka. Mgambo, ambaye hakuwa amesema neno, akainama akagonga ncha ya buti ya Mjomba kwa kirungu. Ikalia chuma. Buti za reli zina chuma vidoleni.

Mjomba akavua, akaendelea pekupeku juu ya mbigili. Hapo ndipo mashine ilipoanza kusema kweli: kizibo cha soda, msumari wa bati, kizibo, kizibo. Mlio mmoja laini ulimtoa machozi. Ulikuwa wa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ambayo sikioni mwa mashine haina tofauti kubwa na kipande kidogo cha dhahabu.

Bibi mwenye shamba akatuita tupumzike, akatuwekea matobolwa.

"Mnatafuta nyumba ya Wazungu? Ilikuwa pale kwenye ile miembe iliyopangana," akasema.

"Mbona hakuna hata msingi, Mama?" Mjomba akauliza.

"Msingi uko chini ya kanisa. Matofali mengine ni ya choo cha shule. Haya mafiga yangu nayo ni matatu ya hukohuko. Mbao walichukua majirani, na milango, mpaka bawaba."

"Na dhahabu?"

"Baba, watu waliogombania bawaba, dhahabu wangekuachia wewe?"

Mjomba alitafuna kimya, akichomoa mbigili. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, bawaba alichukua nani, na kama wajukuu zake bado wanaishi palepale.