Meno ya Mbuzi, Rangi ya Samaki

Mwanamume wa Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi la Nairobi, hadanganywi kwa mbuzi. Atamfungua mdomo asome meno, ampapase kiuno, kisha ataje bei itakayomfanya mwenye mbuzi ashike kichwa. Mjuzi huyohuyo mpeleke mbele ya tangi la samaki wa mapambo: atalipa bei ya kwanza kutajwa, na asante juu.

Amenunua rangi. Na samaki hawa wa Ziwa Malawi, wanaouzwa kwa jina la pikoki, utotoni wengi ni kijivu. Dume ndiye hugeuka buluu au manjano akikomaa; jike kwa kawaida hubaki na kijivu chake mpaka kufa. Kwa hiyo ukionyeshwa katoto ka sentimita nne, kote kanameremeta, shuku. Wapo wafugaji wanaowatia homoni, na hata jike hung'aa, hadi dawa imwishie sebuleni kwako. Taa ya buluu juu ya tangi nayo haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Omba izimwe, uone muuzaji anavyokumbuka ghafla kwamba swichi imeharibika.

Tuseme umebahatika, ni dume halali. Mtie pamoja na dume mbabe, naye atafifisha rangi ili asionekane mshindani. Ukitaka kukisia atakavyokuwa, mtazame baba yake. Uliza aliko, utaambiwa alinunuliwa jana.

Binamu zao, fulu wa Ziwa Victoria, madume wana wekundu na buluu za kushangaza. Hao tunawakausha, tunawala na ugali.